Kilo ya Ulaya, Kilo ya Goma, Kilo ya Gataka

Ukitaka kujua mtu amelelewa na mila ipi ya baiskeli, mtazame anapoinunua. Mnunuzi wa kwanza hushika bomba la juu, akainyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akaining'iniza kidogo hewani, ndipo akauliza bei. Wa pili hana haja ya kuinyanyua. Huegemea keria kwa uzito wake wote, akabonyeza spoki kwa vidole kuona kama zimekaza, akachungulia unene wa uma, kisha naye akauliza bei. Wa kwanza anataka kujua baiskeli ina kilo ngapi. Wa pili anataka kujua itabeba kilo ngapi.

Wote wawili hupishana Gataka. Mtaa huu wa Kajiado Kaskazini uko jirani na Ongata Rongai, na ukivuka mto Mbagathi umeingia Nairobi upande wa Karen. Wikendi, waendeshaji wenye helmeti na nguo za kubana huifuata Barabara ya Magadi kuelekea Kiserian na milima ya Ngong. Lami hiyohiyo humpitisha mchuuzi aliyefunga mitungi ya maji au kreti za mkate kwenye baiskeli nyeusi ya chuma. Kijana wa mtaani anayetaka kununua baiskeli yake ya kwanza ya mbio amesimama katikati ya hao wawili. Kila mmoja ana ushauri wa kumpa, na ushauri wenyewe haupatani.

Swali la kijana huyo ni jepesi kuuliza: uzito wa baiskeli una maana kiasi gani? Makala haya yanalipeleka swali hilo kwa mila tatu ambazo zimelifanyia kazi kwa miaka mingi: mila ya mashindano ya Ulaya, mila ya uchukuzi ya Maziwa Makuu, na mila ya Wafaransa waliosafiri milimani kwa raha zao. Baada ya hapo tutarudi kwenye barabara za Kajiado na kupiga hesabu.

Ulaya: vita dhidi ya gramu

Mashindano ya Tour de France yalipoanza mwaka 1903, baiskeli za washindani zilikuwa za chuma, zenye gia moja, na uzito wa karibu kilo 18. Hazikuwa mbali sana na zinazobeba mkate Rongai leo. Karne iliyofuata ilikuwa ya kupunguza. Chuma kizito kiliyapisha mabomba membamba ya aloi, aloi ikaipisha alumini, na alumini ikaipisha kaboni. Leo mtu mwenye fedha anaweza kuunda baiskeli ya barabarani yenye kilo tano na ushei.

Kilele cha imani hiyo kilionekana tarehe 25 Oktoba 1972. Siku hiyo Mbelgiji Eddy Merckx alivunja rekodi ya saa moja jijini Mexico City kwa kwenda kilomita 49.431. Baiskeli yake, kazi ya fundi Mwitalia Ernesto Colnago, ilikuwa na uzito wa chini ya kilo 6, na baadhi ya vipuri vyake vilitobolewa matundu ili kunyofoa gramu moja moja. Picha za baiskeli hiyo zimewafanya watu wengi waamini kwamba wepesi ndio uliomshindia Merckx.

Rekodi yenyewe inasema jambo jingine. Uwanja wa mbio hauna mlima, na mwendeshaji akishashika kasi, uzito wa baiskeli karibu haumgharimu kitu. Kilichomfungisha safari Merckx hadi Mexico City ni hewa. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni hafifu, hivyo haimzuii mwendeshaji kama ile ya pwani. Kilo zilizotobolewa zilimfaa katika mizunguko michache ya kwanza tu, alipokuwa akitafuta kasi. Kwa muda wote uliobaki alikuwa akipambana na upepo anaojitengenezea mwenyewe.

Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kiliweka mpaka mwaka 2000: baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Nia ilikuwa usalama, na pia kuzuia ushindi usinunuliwe maabara. Haikuchukua muda mrefu kabla ya baadhi ya timu kujikuta zikifunga vipande vya chuma kwenye baiskeli zao ili ziufikie uzito wa sheria. Kwa kuwa gramu zilikuwa hazina tena mahali pa kwenda, wahandisi waligeukia upepo: mabomba yaliyobanwa ubavuni, rimu ndefu, nyaya zilizofichwa ndani ya usukani. Breki za diski ziliporuhusiwa rasmi mwaka 2018, baiskeli nyingi za mabingwa zilipanda tena hadi zaidi ya kilo 7. Mabingwa walikubali kubeba nyongeza hiyo kwa sababu waliona breki nzuri na umbo linalopasua upepo vina faida kuliko gramu walizopoteza.

Hata gia zina historia ya namna hiyo. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alizikatalia gia za kubadilisha kwa cheni katika mashindano yake, na ruhusa ilipatikana mwaka 1937 tu. Gia ziliongeza chuma, nyaya na uzito. Hata hivyo hakuna aliyetamani kurudi kwenye gia moja, kwa kuwa mwendeshaji mwenye gia inayofaa hupanda mlima ambao mwenzake mwenye baiskeli nyepesi ya gia moja anaupanda kwa miguu akiikokota.

Kwa hiyo Ulaya, ambayo wengi wetu tunaichukulia kuwa hekalu la wepesi, ilikwishaanza kuweka mambo mengine mbele ya uzito. Mfano wa karibu nasi ni Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akakulia Karen, na alijifunza mbio kwa David Kinjah kule Kikuyu, ambako vijana wa klabu yake, Safari Simbaz, walijifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa vipuri vilivyopatikana. Froome alishinda Tour de France mara nne, lakini siku inayozungumzwa zaidi ni ya Mei 2018 katika Giro d'Italia, alipowaacha wenzake katika mlima wa Colle delle Finestre na kwenda peke yake kilomita 80. Nusu ya juu ya mlima huo haina lami. Wapinzani wake wote walikuwa na baiskeli nyepesi kama yake. Tofauti ilikuwa katika mwili, mpango wa chakula, na ujasiri wa kushuka.

Maziwa Makuu: kilo ni riziki

Upande wetu wa dunia, baiskeli ilipokelewa kama punda wa chuma. Ile ambayo Wakenya wanaiita Black Mamba ni mwana wa baiskeli nzito ya Kiingereza, iliyoigwa baadaye na viwanda vya India na China. Ina uzito wa kilo 20 hivi, na breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya nyaya. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli za aina hiyo ndizo zilizoanzisha biashara ya bodaboda katika miaka ya 1960, miongo mingi kabla ya pikipiki. Kisumu zilibeba samaki, abiria na magunia.

Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, liliichukua mila hii na kuirekebisha. Baiskeli yake ya Buffalo, ambayo Kenya huunganishwa Kisumu, ina uzito wa zaidi ya kilo 20, na keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Waundaji wangeweza kuipunguza kilo kadhaa kwa kutumia alumini. Walichagua chuma ili fundi wa kijijini aweze kuichomelea, na ili mwanafunzi au muuguzi wa jamii asikwame njiani.

Mjini Goma, mila hii imefika mwisho wa mantiki yake. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani, na pahali pa kuweka goti. Hakina pedali wala cheni. Wachukuzi hushuka nacho kutoka Kibumba na vilima vingine vya Kivu Kaskazini wakiwa wamepakia viazi, kabichi au makaa, na mzigo wa kilo mamia kadhaa si ajabu. Huko mteremko ndio injini, na uzito ndio mafuta: chukudu iliyojaa hukimbia kuliko tupu. Kazi ya mchukuzi ni kuibana isimshinde nguvu, na jasho lake la kweli humtoka anaporudi mlimani akiisukuma. Mji umeienzi kwa sanamu katika mzunguko wa barabara.

Rwanda inatupa mfano unaozikutanisha mila hizi uso kwa uso. Tom Ritchey, muundaji wa fremu kutoka California aliyejulikana kwa baiskeli nyepesi za milimani, alizuru nchi hiyo mwaka 2005. Alipoona wakulima wanavyohangaika kufikisha buni mbichi kwenye vituo vya kuoshea kabla haijaharibika, aliwachorea baiskeli ndefu yenye keria iliyonyooka nyuma ya mwendeshaji. Fundi aliyepata jina kwa kupunguza gramu aliongeza chuma kwa makusudi, kwa sababu kilichohitajika kufika haraka kilikuwa kahawa.

Miaka 20 baadaye, Septemba 2025, Kigali ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilizokuwa na milima mfululizo. Milima hiyohiyo hupandwa siku zote na abanyonzi, vijana wa teksi za baiskeli wa Rwanda, wakiwa na chuma cha kilo 20 na abiria nyuma. Kocha yeyote atakuambia kwamba hao wa pili wanafanya kazi kubwa zaidi kwa kila mita ya mlima.

Utafiti mmoja uliohusisha wanawake wa Kenya unasaidia kuielewa mila hii. Mwaka 1986, G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyowashangaza wanasayansi wengi. Wanawake wa Kiluo wanaobeba mzigo kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Walipozidisha hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda. Maana yake ni kwamba kilo haina bei moja. Bei yake hutegemea jinsi inavyobebwa na njia inayopitishwa. Gurudumu nalo, kwenye tambarare, hufanya jambo la namna hiyo kwa ukarimu mkubwa zaidi.

Lakini tusiutukuze uzito kwa kuwa hatuubebi sisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wachukuzi hawakuipenda Black Mamba kwa uzito wake. Waliivumilia kwa sababu ilidumu na vipuri vyake vilipatikana. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 2000, waendeshaji wengi wa bodaboda waliiacha baiskeli bila kuaga. Mila hii inatufundisha kuheshimu uimara. Haitufundishi kwamba chuma cha ziada ni fadhila.

Ufaransa ya njia mbovu: nyepesi, lakini ifike

Kati ya mila hizo mbili kuna ya tatu, isiyosikika sana kwetu, na ambayo naiona ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya Kajiado. Mwasisi wake ni Paul de Vivie, mfanyabiashara wa Saint-Étienne aliyeandika kwa jina la Vélocio na kuhariri jarida la Le Cycliste. Alisafiri umbali mrefu milimani, akajaribu gia za kila aina, na alibishana hadharani na Desgrange kuhusu faida zake. Kwake baiskeli ilikuwa chombo cha mtu wa kawaida kupanda mlima na kurudi nyumbani salama, awe kijana au mzee.

Wafuasi wa mtazamo huo walianzisha mwaka 1934 mashindano ya kupima baiskeli zenyewe badala ya waendeshaji. Baiskeli zililetwa zikiwa na taa na vikinga tope, kama za safari halisi, kisha zikaendeshwa siku kadhaa katika njia mbovu za milimani. Wepesi uliongeza alama. Kila kilicholegea, kupinda au kuvunjika kilizipunguza. Muundaji aliyekata uzito ovyo aliadhibiwa na njia, na aliyerundika chuma aliadhibiwa na mizani. Mwaka 1938 René Herse alijijengea jina katika mashindano hayo kwa baiskeli iliyokamilika ya chini ya kilo 8, uzito ambao maduka mengi leo yangeuona wa kujivunia hata bila taa.

Mila hii inakubaliana na Ulaya ya mashindano kwamba kilo isiyo na kazi ni hasara. Inakubaliana na Goma kwamba chombo kisichofika hakina wepesi wa kusifiwa. Tofauti yake ni mahali inapoiweka mizani: baada ya njia kumaliza kazi yake. Hicho ndicho kipimo nitakachokichukua kwenda nacho Barabara ya Magadi.

Hesabu za Kajiado

Tumchukue mwendeshaji wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 10, akienda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi. Hewa katika mwinuko huo imepungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, na hilo ni zawadi. Hata hivyo, kwa mwendeshaji aliyekaa kawaida, kuipasua hewa kunamla karibu wati 90. Matairi kwenye lami nzuri yanamla wati 33 hivi. Mwongeze kilo moja kwenye baiskeli, na gharama ya kuiviringisha kwenye tambarare haifiki nusu wati.

Sasa mletee upepo wa mbele wa kilomita 10 kwa saa. Gharama ya hewa inaruka kutoka wati 90 hadi karibu 160. Upepo huo ni wa kawaida Kajiado. Mitambo ya kuzalisha umeme ilianza kusimamishwa kwenye vilele vya Ngong mwaka 1993, na shamba la Kipeto, lenye uwezo wa megawati 100, lilianza kazi katika kaunti hii mwaka 2021. Hakuna mwekezaji anayepanda nguzo hizo mahali pasipo na upepo. Anayetoka Kitengela kuelekea Isinya huku upepo ukimkabili anapoteza kwa mkao mbaya kuliko ambavyo angepoteza kwa kilo 20 za ziada.

Mlimani hesabu inageuka, na hapo wapenda wepesi wana haki yao. Kupandisha kilo moja mita 1,000 kunahitaji nishati isiyobadilika, iwe Alps au Ngong. Mwendeshaji anayetoa wati 150 huilipia kilo hiyo sekunde 65. Kutoka Magadi, iliyo chini kwenye Bonde la Ufa, hadi Kiserian ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Mwili wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10 hudai karibu dakika 87 kwa kunyanyuliwa peke yake katika kila mita 1,000, ukiacha upepo na msuguano. Ukinunua baiskeli ya kilo 8 badala ya 10, unapata punguzo la dakika mbili na ushei. Ukiacha Black Mamba ya kilo 20 na kuchukua ya kilo 10, unaokoa karibu dakika 11.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Uzito una maana kubwa kati ya aina moja ya baiskeli na nyingine. Ndani ya aina moja, maana yake hupungua kwa kasi huku bei ikipanda. Kilo ya kwanza kuondolewa huwa rahisi, ya pili hugharimu zaidi, na ya tatu huweza kugharimu kuliko baiskeli nzima uliyoanza nayo.

Wapo watakaosema uzito wa magurudumu huhesabiwa mara mbili. Ni kweli kwa sehemu moja tu: unapoongeza kasi, gramu zilizo kwenye rimu na tairi hudai nishati karibu mara mbili ya zilizo kwenye fremu. Rongai, yenye matuta na matatu zinazosimama ghafla, mtu huongeza kasi mara nyingi. Hata hivyo kilo moja ya fremu kutoka kusimama hadi kilomita 30 kwa saa inadai joule 35, na ya rimu joule 70, wakati mwili na baiskeli kwa jumla vinadai karibu 2,800. Na mlima unaopandwa kwa mwendo mmoja hautofautishi gramu ya rimu na gramu ya kiti.

Miiba nayo ina hesabu yake. Kajiado ni nchi ya migunga, na miiba yake husambaa hadi ukingoni mwa lami. Matairi yenye ukanda wa kuzuia miiba huweza kuongeza gramu 200 kwa jozi. Katika kupanda mita 1,000, gramu hizo zinamla mwendeshaji wetu sekunde 13. Pancha moja juani karibu na Olorgesailie inamla dakika kumi, akiwa na tyubu ya akiba na pampu. Kwa upande mwingine, tairi gumu la bei ya chini linaweza kudai wati 20 zaidi ya tairi zuri kwa mwendo uleule. Hakuna fremu ya kaboni inayorudisha wati 20 kwenye tambarare.

Kuna maji pia. Barabara ya Magadi huteremka kwenye joto kali, na mtu mwenye akili hubeba lita mbili au tatu. Lita moja ni kilo moja. Aliyelipa fedha nyingi kupunguza kilo mbili za baiskeli atazirudisha zote kwenye chupa kabla hajafika Kona Baridi, na asipozirudisha atajuta.

Nani ana haki ya kujali gramu

Kuna watu ambao hesabu hizi zinawahusu kwa namna tofauti. Mwenye mwili mdogo ni wa kwanza. Kwa mtu wa kilo 50, kila kilo ya baiskeli ni sehemu kubwa zaidi ya jumla anayoipandisha, hivyo wasichana na vijana wembamba wanaoanza mashindano wana sababu ya kutafuta wepesi kuliko mzee mwenye kitambi. Huyo wa mwisho ana kilo za kupunguza zisizouzwa dukani.

Wa pili ni mshindani wa kweli wa milimani. Kwake dakika mbili ni tofauti ya kushinda na kuwa wa kumi. Wa tatu ni mpangaji wa ghorofa ya nne, na Rongai wapo wengi. Majengo yao hayana lifti, na baiskeli haiachwi chini usiku. Huyu huinyanyua baiskeli kila siku kwa bega lake, bila msaada wa gurudumu, na kilo anazozipunguza anazihisi kuliko bingwa yeyote wa Ulaya.

Wengine wote wazingatie soko lilivyo. Baiskeli nyingi za mbio zinazopatikana kwetu ni za mitumba. Ya alumini huwa na kilo 9 hadi 11, ya chuma cha zamani huzidi kidogo, ya kaboni huweza kushuka hadi 8 au chini yake. Lakini kaboni ya mitumba ina siri: ufa wa ndani unaweza usionekane kwa nje, na ikivunjika huvunjika bila kuonya. Chuma hupinda kwanza, na kikikatika kuna fundi wa jua kali wa kukichomelea. Anayenunua kaboni asiyoijua historia yake ananunua wepesi na kumwacha fundi wake.

Mila tatu tulizozitembelea zinaafikiana kuliko zinavyoonekana kwa mbali. Ulaya ilikimbiza gramu mpaka sheria ikaisimamisha, ikagundua kwamba upepo na breki vina thamani zaidi. Maziwa Makuu yalipokea uzito kwa sababu ya uimara, na yalipopata njia nyingine yakauacha. Wafaransa wa njia mbovu waliuweka uzito kwenye mizani baada ya safari. Hakuna hata moja, ukiichunguza kwa makini, inayoufanya uzito kuwa swali la kwanza.

Kwa hiyo, wewe wa Gataka, Kiserian au Kitengela unayeweka akiba ya baiskeli ya mbio, fuata mpangilio huu. Anza na kimo cha fremu kinachokufaa, kwa sababu mkao ndio unaopigana na upepo. Fuatisha gia, hasa gia nyepesi ya kupandia Ngong bila kuua magoti. Kisha breki, kwa ajili ya mteremko wa Magadi. Kisha nafasi ya kuweka tairi la milimita 28 au 32, na matairi yenyewe yawe mazuri. Tenga fedha za helmeti, taa, pampu na tyubu ya akiba. Vyote hivyo vikitimia na fedha zikibaki, na baiskeli mbili zikawa mbele yako zikilingana kwa kila kitu, hapo ndipo uzinyanyue kwa mkono mmoja na kuchagua iliyo nyepesi. Kama zote mbili haziendi mbali na kilo 10, chukua ya bei ndogo.